Daftari Liko kwa Nani?

Ushirikiano ni neno tamu, na katika habari za kufukua miji ya kale ya Misri limetumiwa mno. Wataalamu kutoka Ujerumani, Ufaransa, Poland, Marekani na hata Japani hushuka Cairo na vyombo vyao, wakapewa kibali, wakafukua pamoja na wenyeji. Sipingi hata kidogo. Lakini ushirika wa namna hii haupimwi kwa wingi wa bendera. Mimi huuliza: jembe kashika nani, na daftari kashika nani?

Tuchukue Amarna, mji alioujenga Firauni Akhenaten zaidi ya miaka 1,300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ukakaliwa muda mfupi tu kisha ukahamwa. Desemba 1912 Mjerumani Ludwig Borchardt alifukua hapo karakana ya mchongaji Thutmose, akakuta sanamu ya kichwa cha malkia Nefertiti. Siku hizo vitu vilivyopatikana viligawanywa nusu kwa nusu baina ya mfukuaji na serikali. Mgawanyo ukafanywa Januari 1913. Upande wa Wajerumani alikuwapo Borchardt. Na upande wa Misri? Gustave Lefebvre, Mfaransa! Yaani wageni wawili waligawana mali ya mwenye nyumba, naye mwenyewe hayumo barazani. Sanamu ikaenda Berlin, na iko huko hata leo. Wala halikuwa jambo la ajabu, kwani toka 1858 hadi 1952 Idara ya Mambo ya Kale ya Misri haikupata kuongozwa na mtu asiyekuwa Mfaransa.

Jembe, naam, lilikuwa mikononi mwa Mmisri siku zote. Mwingereza Flinders Petrie alipofukua Quft, karibu na Luxor, mwaka 1893 na 1894, aliwafundisha wanaume wa hapo kazi hiyo. Si kazi ya kubahatisha: ukuta wa tofali mbichi uliokwisha bomoka na udongo ulioufunika hufanana kwa rangi, na mpaka uwe na jicho na kiganja kilichozoea ndipo utambue hapa ni chumba, hapa ni kifusi. Ujuzi huo ukarithiwa baba kwa mwana, na watu wa Quft wakaajiriwa nchi nzima chini ya rais wao (rais wa machimbo, si wa dola). Fungua basi vitabu vya wafukuaji wa zamani. Jina la bwana liko juu ya jalada. Hawa aghalabu wametajwa kwa idadi, kama vikapu.

Hata hivyo si haki kuwatia wageni wote kapu moja. Mmarekani Mark Lehner alianza mwaka 1988 kufukua huko Giza mji wa wajenzi wa piramidi, wenye mitaa na matanuri ya mikate. Mwaka 2005 jumuiya yake ikafungua chuo hapo hapo machimboni kwa wakaguzi wa Kimisri: kupima, kuchora, kuchambua vigae na mifupa, na kuandika ripoti. Huo ndio ushirikiano ninaoufahamu, kwani mgeni akiondoka elimu inabaki.

Wapo watakaouliza, miji ya Firauni yatuhusu nini Waislamu? Kwanza Qurani yenyewe imetutaka tutembee ardhini tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Pili, miji hiyo haikukaliwa na Firauni peke yake. Toka 2006 hadi 2013 yalifukuliwa makaburi ya watu wa kawaida huko Amarna, ikaonekana mifupa ya wengi waliokufa wangali vijana, na migongo imeumizwa na mizigo. Habari za Firauni tunazo. Za hawa waliombebea mawe tusingezipata bila ya wafukuaji.

Lakini wazisome akina nani? Vitabu vikubwa vya machimbo hayo vingi ni vya Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Nasi tunalijua hilo: kitabu cha ufukuaji wa Shanga, kisiwani Pate, kilitolewa mwaka 1996 kwa Kiingereza.

Misri inadai kichwa cha Nefertiti, na ina haki. Mimi ningeongeza katika dai hilo nakala za madaftari, michoro na picha za Amarna zilizowekwa Berlin na London, tafsiri yake kwa Kiarabu, na orodha ya majina ya wale watu wa Quft waliolipwa kwa siku.