Kiu ya usiku na mama anayelala peke yake

Juma hili tunaongea juu ya vitu viwili ambavyo mara nyingi vinakaa katika chumba kimoja: kuishi peke yako, na chupa ya sukre.

Katika vikundi vyetu tuko wengi tunaolala peke yetu. Kuna mwalimu aliyetumwa kufundisha mbali na kwao, akapanga chumba kimoja. Kuna mjane ambaye watoto wake wako Goma kwa masomo. Kuna mama aliyekimbia vita, ndugu wakatawanyika, kila mmoja na njia yake. Kuna yule ambaye bwana yake alienda kwenye machimbo ya Walikale na habari zake zinafika mara moja moja. Mchana hatujisikii kuwa peke yetu, sababu kuna masomo, kuna shamba, kuna soko, kuna maombi. Shida inaanza jioni, wakati wa kuwasha jiko.

Tunajua jinsi inavyokuwa. Kuwasha makala kwa ajili ya tumbo moja kunaonekana kama hasara. Kupika maharagi ya saa tatu kwa sahani moja, nani ana nguvu hizo? Basi tunapita kwenye butiki, tunachukua mandazi mawili na sukre moja, na siku imeisha. Kesho vilevile. Hakuna mtu wa kutuuliza: "Mama, umekula nini?"

Miezi si mingi iliyopita, mmoja wa wenzetu alianza kusikia kiu isiyoisha. Alikunywa sukre, kiu ikarudi kali zaidi. Usiku alikuwa anatoka kukojoa mara nne, mara tano, na ninyi mnajua hapa kwetu ni nini kwa mwanamke kutoka nje peke yake usiku. Nguo zikaanza kulegea mwilini. Macho yakaona ukungu hata ubaoni. Wengine walimwambia ni malaria, akameza dawa bila kupimwa. Wengine walianza kunong'ona kwamba ni karuho, kwamba kuna mtu amemtilia sumu, na jina la jirani mmoja likaanza kuzunguka kwenye kisima. Asubuhi moja hakutokea kazini. Ni watoto waliotumwa kwenda kumwangalia ndio waliomkuta kitandani, akiongea maneno yasiyoeleweka. Wamama walimbeba. Muganga alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ndogo, na jibu likatoka kwa muda mfupi kuliko kusema Baba Yetu: ni ugonjwa wa sukari, ule ambao waganga wanaita dyabete.

Leo mwenzetu yuko mzima, anafuata dawa zake, na ametupa ruhusa tuyaseme haya bila kutaja jina. Lakini tufikiri kidogo. Kama siku ile ingekuwa siku ya posho, wakati hakuna masomo, nani angekuja kumwangalia? Na yule jirani ambaye jina lake lilizungushwa, angelipwa nini kwa aibu aliyopata?

Tuelewe ugonjwa huu

Chakula tunachokula kinageuka sukari ndani ya damu, na sukari hiyo ndiyo nguvu ya mwili. Ili iingie mahali inapotakiwa, inahitaji ufunguo unaoitwa insulini, unaotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Ufunguo ukikosekana, au mlango ukikataa kufunguka, sukari inabaki katika damu. Mwili unajaribu kuitoa kwa mkojo, na maji yanatoka pamoja nayo. Ndiyo sababu mtu anakojoa sana, anasikia kiu, anakonda hata kama anakula. Wazee wetu waliona sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo wa mgonjwa. Hawakukosea, ni sukari iliyowaita.

Zamani mtoto aliyepata ugonjwa huu alikuwa ni wa kufa. Mwaka 1921, kule Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best waligundua namna ya kutoa insulini kutoka kwa wanyama. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano hiyo na akaendelea kuishi. Ndiyo sababu kila tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, dunia inakumbuka ugonjwa wa sukari.

Tusidhani ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Mwaka 2021 shirika la kimataifa linalofuata ugonjwa huu lilikadiria kwamba Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui kwamba wanao. Hapa kwetu Masisi, katika hospitali ya Mweso, wagonjwa wa sukari na wa tansiyo wamehudumiwa hata katikati ya vita. Maana yake ugonjwa uko, na watu wanaishi nao wakipata matunzo.

Muganga akipima asubuhi kabla hujala kitu, na kipimo kikafika 126 au kupita, anarudia siku nyingine ili ahakikishe. Mtu mwenye dalili kali, na kipimo kimefika 200 saa yoyote, haachwi arudi nyumbani hivihivi. Kipimo hiki si cha siri na si cha aibu. Kabla ya kutaja jina la mtu kwa ajili ya karuho, tutaje kwanza kipimo cha damu.

Sukre inaingia wapi?

Tuseme ukweli wote. Sukre si sababu pekee. Kuna damu ya ukoo, kuna umri, kuna unene, kuna wamama wanaopata sukari wakiwa na mimba. Na mtoto mdogo anayepata ugonjwa huu hakuupata kwa kula bonbon, mama yake asilaumiwe. Lakini kwa sisi watu wazima, anayekunywa sukre kila siku anajiongezea hatari, na aliye tayari na ugonjwa anaumwagia mafuta moto.

Tufanye hesabu kama kwenye kalasi. Chupa ya nusu lita ya sukre ya kawaida ina sukari karibu gramu 50. Kijiko kidogo cha chai kinabeba gramu 4 hivi. Basi chupa moja ni vijiko 12 na zaidi. Ni mama gani anayeweza kutia vijiko 12 katika kikombe cha mtoto wake? Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwa chakula, yaani karibu gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikipungua hadi 25 ni bora zaidi. Chupa moja imemaliza siku nzima, bado hatujahesabu chai ya asubuhi. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vilevile, na mutobe wa ndizi, hata kama ni wa kwetu, ni mtamu kwa mgonjwa.

Kuacha bila kuvunja heshima

Tunajua ugumu uko wapi. Kwetu sukre ni heshima. Mgeni akija, mtoto anatumwa butiki mbio. Kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye mkutano wa akiba, chupa zinapangwa mezani, na anayekataa anaonekana ana kiburi au anaogopa sumu. Basi mzigo huu mtu mmoja hawezi kuubeba peke yake. Ni kikundi kinachopaswa kubadilisha meza. Tukiweka chai isiyotiwa sukari na bakuli la sukari pembeni, kila mmoja anajipimia. Tukiweka maziwa ya ng'ombe zetu, ambayo Masisi inajulikana kwayo, tukaweka viazi vya kuchemsha na parachichi, hakuna mgeni atakayesema alidharauliwa.

Kwa yule anayekunywa kila siku, wenzetu walioacha wametuonyesha njia hii:

Juma la kwanza, punguza nusu. Kama ulikuwa unakunywa mbili, kunywa moja, na unywe baada ya kula, si kwa tumbo tupu.

Juma la pili, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kichwa kinaweza kuuma siku chache, zaidi kwa wale waliozoea koka na vinywaji vya nguvu. Kinapita.

Juma la tatu, iache nyumbani kabisa. Usiweke chupa ndani ya chumba, sababu saa mbili za usiku, ukiwa peke yako, chupa inakuita kwa jina.

Franga za sukre, ziweke kwenye kikopo. Mwisho wa mwezi uzihesabu mbele ya mwenzako. Wengine walishangaa kuona ni makala ya majuma mawili, au kitabu cha mtoto.

Na maji? Wengine wanakunywa sukre sababu wanaogopa maji ya kisima, na wana haki ya kuogopa. Kuchemsha ndiyo njia ya hakika. Makala yakikosekana, kuna njia ya jua: chukua chupa tupu ya plastiki isiyo na rangi, isiyopita lita 2, ioshe vizuri, jaza maji yaliyo safi kwa macho, ifunge, ilaze juu ya bati saa 6 za jua kali. Siku za mawingu, na hapa milimani tunazo nyingi, iache siku mbili. Maji ya tope lazima yachujwe kwanza. Hivi chupa ya sukre inapata kazi nyingine.

Kwa chakula, tunaolala peke yetu tuunganishe sufuria. Wamama watatu wa kiwanja kimoja wakipika kwa zamu, kila mmoja anawasha jiko siku mbili au tatu tu, na kila jioni kuna mtu wa kumuuliza mwenzake: "Umekula?" Maharagi, sombe, lengalenga, na bugali wa kipimo. Huo tu ni nusu ya dawa.

Maneno ya kushika kwa yule aliye tayari na dawa

Kuacha sukre hakuchukui nafasi ya dawa. Usiache vidonge wala sindano kwa sababu unajisikia vizuri.

Anayetumia insulini au vidonge fulani anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi: anatetemeka, anatoka jasho baridi, anachanganyikiwa. Hapo ndipo sukari inakuwa dawa. Mpe mara moja vijiko vidogo 4 vya sukari katika maji, au sukre nusu glasi, kisha chakula. Kama amezimia, usimtilie kitu kinywani, atapaliwa. Mkimbizeni kwa waganga. Basi aliye na dawa hizo awe na sukari kidogo karibu na kitanda, na jirani ajue iko wapi.

Mgonjwa wa sukari anayetapika, anayepumua kwa nguvu na haraka, ambaye pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana, asisubiri asubuhi.

Na kwa sababu ya maisha yetu ya kukimbia, dawa na karatasi ya muganga zikae katika mfuko mmoja, ule unaoshikwa wa kwanza wakati wa kutoka.

Mlango unaofunguliwa asubuhi

Tunapendekeza jambo moja kwa kila kikundi. Katika mkutano ujao, tuandike majina ya wamama wanaolala peke yao. Kila mmoja apewe mwenzake wa karibu. Patano liwe rahisi: ikifika saa moja asubuhi, mlango uwe umefunguliwa au kitambaa kiwe kimetundikwa dirishani. Kama hakuna kitu, mwenzake anagonga. Asipojibu, anaita watu. Funguo ya pili ikae kwa mwenzake huyo. Ndani ya mlango pabandikwe karatasi yenye jina la ndugu, namba ya simu, na dawa anazotumia.

Pia kasha ya mshikamano itenge kiasi kidogo cha kulipia kipimo na moto ya kumpeleka mgonjwa kwenye hospitali kuu ya Masisi. Tukiondoa sukre za mikutano, franga hizo tayari tunazo mezani.

Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mama aliye peke yake hawezi kujigongea mlango. Basi katika mkutano wa juma hili, kabla ya kuhesabu akiba, tuhesabu kwanza milango.