Jina Tulitoa, Kazi Tukawaachia

Mwanafunzi mwenzangu hapa Gitega, Kigali, aliniambia kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na ya jeshi, haiwezi kueleza nyota. Siku ile nilinyamaza. Leo namjibu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kupima eksirei zitokazo angani, na mwaka 1971 ilionyesha kwamba chanzo kimoja, Centaurus X-3, hudunda kila baada ya sekunde 4.8. Hiyo ni pulsa: nyota ndogo, nzito mno, inayojizungusha kwa kasi.

Lakini mapigo yale hayakutulia. Yalisogeleana, yakaachana, kwa mpango uleule kila baada ya siku 2.1. Aliyesimama kando ya barabara zetu anajua: honi ya pikipiki inayokuja husikika nyembamba, ikishapita huwa nene. Basi pulsa ilikuwa ikitujia kisha ikitukimbia, yaani ilizunguka kitu. Tena katika kila mzunguko eksirei zilipotea kwa takriban nusu siku, kwa sababu kitu hicho kilizikinga. Kilikuwa hakijaonekana, lakini hesabu ilisema uzito wake haupungui mara 15 ya uzito wa Jua. Baadaye Mpoland Wojciech Krzemiński akaitambua nyota yenyewe kwa darubini.

Je, kuna hatua uliyoshindwa kuifuata? Watasema "pulsa" ni neno la kukopa. Hata "kitabu" tulikopa kwa Waarabu na "shule" kwa Wajerumani, na hakuna anayeona haya kuyatumia.

Aibu yetu iko kwingine. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano. Waswahili tulitoa bahari na jina. Zaidi ya miaka 50 imepita, bado tunajivunia jina. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini tukikitumia kwa salamu na insha za fasihi tu, urasmi huo utabaki kwenye karatasi. Walimu wetu, tupeni japo zoezi moja la fizikia kwa Kiswahili. Nasi wanafunzi tuache kusubiri kamusi. Tuandike, makosa tutasahihishana.