Gita lako: fundi au bisibisi yako?

Leo niseme hili la magita, maana kila kiangazi kilio ni kilekile: "linakwaruza." Jamani, Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba mvua karibu hakuna. Mbao zinakauka na kusinyaa, uso wa gita unashuka, nyuzi zinagonga vyuma vya shingoni. Basi mtu anakimbiza nusu ya bumu kwa fundi!

Mimi nasema hivi: kinachorudishika, fanya mwenyewe. Badili nyuzi, weka sponji lenye unyevu ndani ya begi, legeza nondo ya shingo kidogo kidogo kama gita lako linayo. Ikizidi, unarudisha. Lakini cha kukatwa au kupigwa tupa hakirudi; hapo mpe fundi hela yake bila kulalamika.

Na si mambo ya kigeni haya. Hapa Ugogo mpiga ilimba husogeza vyuma mwenyewe: ukikifupisha sauti inapanda, ukikirefusha inashuka. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alizunguka dunia na ilimba. Huko ughaibuni angemsubiri fundi yupi?

Naomba kuwasilisha.