Emelia hakulea peke yake

Nimekuwa kimya, zamu za usiku zimenibana. Sasa hivi nimekaa Gandhi Square, hapa Marshalltown, nasubiri basi nikalale.

Juzi shangazi alinitumia picha ya Mtakatifu Emelia na wanawe, chini kaandika: "Huyu ndiye mama, alikaa na watoto wake." Nikajua nasemwa mimi, maana mwanangu wa miaka 6 yuko huko kwa bibi yake. Shikamoo shangazi. Naomba nikujibu hapa, usinichukie.

Emelia aliishi karne ya 4 huko Kapadokia, siku hizi ni Uturuki. Alizaa wavulana 4 na wasichana 5. Kati yao wametoka watakatifu Makrina, Basili Mkuu, Gregori wa Nisa na Petro wa Sebaste. Sisi manesi tunampenda Basili, kwani alijenga nje ya mji wa Kaisaria mahali pa kutunzia wagonjwa, wakoma na maskini.

Lakini habari zao tuzisome zote. Basili mwenyewe aliandika kwamba mafundisho ya imani aliyapata utotoni kwa bibi yake mzaa baba, ambaye naye aliitwa Makrina. Kisha mume wa Emelia alifariki Petro akiwa mchanga. Mjane huyo alikuwa na mali katika majimbo 3, analipa kodi kwa magavana 3. Petro akalelewa na nani? Na dada yake mkubwa, Makrina, ndiye aliyemfundisha kila kitu. Gregori ameyaandika hayo, na anasema hata Basili aliporudi kutoka masomoni akijiona, dada huyohuyo ndiye aliyemrudisha chini.

Sisemi kuwa mbali na mtoto ni jambo dogo. Mwezi uliopita mwanangu aliniita "anti" kwenye simu. Nililia chooni kazini, nikanawa uso, nikarudi wodini.

Ninachokataa ni kumsifu mama mmoja tu na kuwasahau wengine walioshika mtoto. Hapo na mimi nina kosa. Mdogo wangu aliacha masomo ya ushonaji ili amsaidie mama kulea. Pesa ninazotuma kila mtu anazitaja, kazi yake hakuna anayeitaja, hata mimi sikuwahi kumshukuru. Alichukua mzigo wangu na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Kwa hiyo wale mnaosubiri nimalizie ukuta wa nyumba, subirini. Pesa hiyo ni ada yake, Januari anarudi darasani. Mama atatafutiwa msichana wa kumsaidia, naye tutamlipa vizuri. Likizo yangu ya Desemba nakuja, na mtoto atalala kwangu.

Shangazi, picha ni nzuri, nimeitunza. Ila ukiitazama tena, mkumbuke bibi na dada.

Basi limefika. Msalimieni mwanangu. Mchana njema.