Tupatane Kabla King'ora Hakijalia

Mraru ni kijiji, lakini hakiko mbali na maafa. Voi tunakoendea soko na hospitali imekatwa na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na malori hayalali. Reli mbili zinapita. Tsavo iko mlangoni na ndovu wake, na mvua ikizidi milimani Mto Voi hauombi ruhusa. Wazee hawajasahau Januari 1993, daraja la reli la Ngai Ndethya liliposombwa na mafuriko, treni ikatumbukia na watu zaidi ya 100 wakafa.

Ajali kubwa ikitokea leo, msaada hauji kutoka mlango mmoja. Atakuja polisi, litakuja gari la zimamoto la kaunti, ambulensi ya hospitali, Msalaba Mwekundu, na Shirika la Wanyamapori (KWS) ikiwa ni upande wa mbuga. Kabla yao wote watakuwa wamefika wanakijiji na waendesha bodaboda. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imelikabidhi jukumu la maafa kwa Serikali Kuu na pia kwa kaunti. Sina ugomvi na mgawanyo huo. Lakini kazi yenye mabwana wawili isipotanguliwa na mapatano, kila mmoja atamngoja mwenzake, au wote wawili watatoa amri zinazogongana. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tuliyaona katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013. Askari wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, waliingia kupambana na magaidi, kisha jeshi likaingia, na risasi za wenzao zikawapata askari wa Recce. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile, na uchungu wa wenzetu kuumizana haujaisha.

Wapo watakaosema dawa ni kununua redio za kisasa. Redio ni njema, lakini hazitoshi. New York, Septemba 11, 2001, polisi waliokuwa juu katika helikopta waliona jengo lililoshambuliwa linaelekea kuanguka, wakaonyana wao kwa wao. Wazimamoto waliokuwa ndani walikuwa na redio zao, na onyo lile la polisi halikuwa na njia ya kuwafikia. Siku ile wazimamoto 343 walikufa. Mji ule haukukosa mitambo. Ulikosa mapatano ya nani amwambie nani.

Basi mapatano hayo tuyafanye sasa, tukiwa wazima. Ijulikane mapema ni nani mkuu wa eneo la ajali, wa idara gani, na asipokuwepo ni nani ashike nafasi yake. Wote wasikilizane kwenye mawimbi mamoja, kwa maneno ya kawaida, si kwa nambari za siri ambazo polisi anazielewa na muuguzi hazielewi. Hospitali ya Moi pale Voi iambiwe majeruhi ni wangapi na wameumiaje kabla ambulensi haijafika getini, ili daktari aitwe na damu itafutwe.

Na jambo ninalolililia zaidi ni sauti ya kuwafikia wananchi. Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaua zaidi ya 100. Siku kama hiyo ikitufikia sisi, onyo la afisa mgeni kwenye kipaza sauti halitatosha. Watu humsikia chifu wao, mzee wa nyumba kumi, na redio ya nyumbani kama Mwanedu FM. Hao wawe ndani ya mpango tangu mwanzo, wapewe habari moja iliyo kweli, na jamaa za majeruhi waelezwe wagonjwa wao wamepelekwa wapi, wasihangaike kutoka wodi hii hadi ile usiku kucha.

Asiniambie mtu kwamba watu wa kijijini hawawezi mipango. Miaka ya 1970 wanawake wa Mraru walichoka kuachwa barabarani na mizigo yao kwa sababu magari yalifika yakiwa yamejaa. Walichanga shilingi kwa shilingi, wakanunua basi lao wenyewe la kwenda Voi, na habari zao zikaandikwa hadi ng'ambo.

Mheshimiwa Gavana, Kamishna wa Kaunti, waiteni wakuu wa idara zote Voi, waiteni na machifu na wanawake wa vijiji, wala msiinuke mezani kabla hamjakubaliana ni nani atakayeshika amri siku ya ajali. Kisha fanyeni jaribio barabarani, mchana na usiku, kabla ya mvua za vuli.