Kuokota Taka si Adhabu

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimeinama katika kichochoro cha mtaa wetu hapa Kisauni, nikiokota chupa za plastiki na vifuu vya nazi. Mtoto wa jirani, mwanafunzi wa shule ya msingi, akapita na kuniamkia kwa adabu. Nilipomwitikia marahaba, akaniuliza kwa huruma, "Mwalimu, umefanya kosa gani?"

Nilicheka, lakini swali lile likanikaa moyoni. Mtoto hakukosea. Katika shule zetu nyingi, anayechelewa au anayepiga kelele darasani ndiye anayeamriwa kuokota takataka uwanjani. Hivyo basi, sisi walimu tumefundisha kwa miaka mingi somo lisilokuwamo katika silabasi: kwamba kutupa taka si aibu, aibu ni kuziokota.

Lugha nayo tumeitumia kujifichia. Twasema "mtaa umechafuka", "mtaro umezibika". Mwanafunzi wa sarufi anafahamu kwamba hiyo ni kauli ya kutendeka, isiyomhitaji mtenda. Laiti tungesema "mtaa umechafuliwa", mara moja lingezuka swali: na nani?

Madhara yake hayajifichi. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, Mombasa ilikumbwa na mlipuko wa chikungunya. Jina hilo lina asili ya Kimakonde, nalo humweleza mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Mbu aenezaye ugonjwa huo hahitaji kinamasi. Humtosha maji ya mvua yaliyotuama ndani ya mkebe, gurudumu kuukuu au kifuu. Aokotaye mkebe mlangoni pake, kwa hiyo, anawakinga wanawe pamoja na wana wa jirani.

Wako watakaouliza, na wana haki: je, hiyo si kazi ya serikali ya kaunti? Naam, ni yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti jukumu la kuzoa na kutupa taka. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na katika Kifungu cha 69 yamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana na dola kuyahifadhi. Haki na wajibu vimo katika waraka mmoja. Kuokota hakumwondolei mwenye jukumu lawama. Bali mtaa uliokwisha kukusanya taka zake mahali pamoja una hoja nzito zaidi unapodai gari la kuzizoa.

Na tusijidanganye kwamba taka zikishazolewa zimetoweka. Jaa la Kibarani, lililowaudhi watu wa Changamwe na wasafiri kwa miaka mingi, lilifungwa na mahali pake pakapandwa miti. Taka zikaelekezwa Mwakirunge, huku kwetu Kisauni. Kinachoondoka mlangoni pa mmoja hufika mlangoni pa mwingine; na kile kisichozolewa husombwa na mvua za masika hadi kwenye mikoko na baharini. Ndiyo sababu dawa ya kwanza ni kupunguza kutupa. Nami sijaona limfunzalo mtu kutotupa kuliko kuinama yeye mwenyewe akaokota.

Kwa upande wangu, faida imezidi nilivyotarajia. Mgongo umenyooka, na majirani niliowapita kwa miaka bila ya kuwajua majina sasa twajuliana hali. Wawili kati yao hujiunga nami, mmoja akiwa na toroli lake. Mtaa wetu haujawa Pepo, lakini mvua iliyopita maji yalipita mtaroni badala ya kuingia nyumbani.

Nawasihi basi walimu wenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe: tuiondoe kazi hii katika orodha ya adhabu. Iwe zamu ya kila mmoja, na mwalimu awe wa kwanza kuinama. Samaki mkunje angali mbichi. Yule mtoto nilimjibu kwamba kosa langu lilikuwa kupita hapo kila siku bila ya kuinama. Alinitazama kidogo, kisha akaokota kifuu kimoja akanipa.