Mwongozaji Aanzie Mezani

Mwanafunzi mpenzi, umechaguliwa kuongoza tamthilia ya Kiswahili shuleni, na wenzako wameshaanza kuuliza nani atavaa nini. Waambie wasubiri. Kwa maoni yangu, nusu ya muda wa maandalizi yafaa ipitie mezani, vitabu vikiwa wazi, kabla mtu yeyote hajapanda jukwaani.

Tuchukue Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika kuanzia 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani, haohao waliokuwa wakiitawala Rwanda wakati huo. Mwongozaji mwenye haraka huona humo mikuki, ngoma na mtu aliyepagawa na pepo. Ni kweli, vimo. Lakini kiini chake ni neno. Kinjeketile anawapa watu maji na ahadi, kisha ahadi inakua hadi inamshinda mwenyewe. Anataka vita vingoje, hawamsikii. Mwishoni, akiwa mfungwa, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Kwa nini anakataa? Mwigizaji asiyeweza kujibu swali hilo kwa maneno yake mwenyewe atapaza sauti tu, na hadhira itajua kwamba amekariri. Tena hapa Kigali, ambako tunajua tangu 1994 maneno ya redioni yanavyoweza kuugeuza umati, watu wanaoitikia kwa pamoja jukwaani si mapambo. Jadilianeni mpaka mjue umati ule unaamini nini, na ni nani ndani yake anayesita.

Ugawaji wa nafasi ndio wenye ubishi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ila wengi wetu bado tunakutana nacho darasani, ilhali aliyelelewa Biryogo au Nyamirambo huenda amekisikia tangu utotoni. Kishawishi ni kumpa huyo nafasi kuu, wengine wakabebeshwa mikuki. Sikubaliani nacho hata kidogo. Huo ni mtihani wa matamshi, si uigizaji. Naye aigize, bila shaka, lakini umweke pia karibu nawe awe sikio lako, kwa kuwa sisi wenye Kinyarwanda huchanganya r na l bila kujijua, na anayetaka kusema “mahali” akatamka “mahari” atawachekesha watu pasipo kicheko. Nafasi ya Kinjeketile mpe yule aliyekusumbua kwa maswali mezani, hata ulimi wake ukiwa mzito. Ulimi hulainika kwa wiki chache za mazoezi. Udadisi sijaona ukifundishwa kwa muda huo.

Siku mtakaposimama kwa mara ya kwanza, anzeni na wanawake wanaozungumzia njaa. Msiguse ngoma wala mikuki. Wasikilizeni wao wakizungumza, mara tatu, mara nne, kisha mrudi mezani. Maleba yatashonwa baadaye.